Mpaka Baba Asimike Fimbo

Kwihara, Tabora
10 Machi 2024

Kabula mdogo wangu,

Hujambo huko kwenye joto la Kimara? Sisi hapa wazima, ukiacha mafua ya Leonia ambayo yamegoma kutoka tangu mvua zianze. Kila nikimwambia apumzike ananiuliza nani atapika, nami nikijitolea kupika anapona hapo hapo. Mahindi yamesimama vizuri. Uyoga umetoka mpaka tumeuchoka, wifi yako ameukausha gunia zima na anasema nusu ni yako, kwa hiyo ukija usije na mkoba mdogo.

Barua yako ya Krismasi niliipata Februari. Usicheke. Najua Getruda anaona angenipigia simu mambo yakaisha, lakini mwambie mwanao kwamba masikio ya mjomba wake yalishastaafu. Kwenye simu naambulia mvumo tu, kama nimeweka sikio kwenye mzinga. Barua naisoma, naikunja, naisoma tena. Na aliyetuzoesha ni baba. Ulipokuwa bwenini kwa masista, walikokuita Consolatha, mwisho wa mwezi alinikalisha mezani niandike anachosema yeye, na nikiongeza neno langu alilijua, ingawa hakujua kusoma.

Jumapili iliyopita nilitoka misani nikapita njia ya zamani, ile ya wapagazi, badala ya barabara. Imebaki kama uchochoro tu, majani yameifunga pande zote. Pale kisimani siku hizi huwa nakaa kwenye jiwe naangalia ndege kidogo kabla ya kuendelea. Wazuri kweli. Utotoni hatukuwaona wale ndege, sijui tulikuwa na haraka ya nini.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Mwezi wa sita nataka kwenda kambini kurina asali na Ngollo, kama miaka yote. Leonia hataki kusikia. Anasema miti imenizidi umri. Mwandikie wewe umweleze kwamba mumewe bado ni mwanamume. Anakusikiliza wewe kuliko mimi niliyemtolea mahari.

Mimi kaka yako,
Wilbroad


Kimara, Dar es Salaam
2 Aprili 2024

Kaka Wilbroad, shikamoo.

Sisi wazima. Getruda anakusalimu, amepewa darasa la saba mwaka huu na anarudi nyumbani sauti imekauka. Mimi nipo, nasukuma siku. Mvua huku inanyesha hadi jikoni. Mwambie wifi Leonia mafua ya namna hiyo yanataka mvuke wa majani ya mchaichai, si kukaa jikoni na moshi.

Kuhusu ombi lako, sitamwandikia. Badala yake nitakuuliza wewe. Tangu lini unaangalia ndege?

Usinifanye mgeni wa njia ile. Kutoka kanisani hadi kisimani ni mteremko mtupu, ulikuwa unaukimbia umenibeba mgongoni. Leo unakaa kwenye jiwe. Nijibu bila mzaha: ukipanda kilima kifua kinabana? Kama kuna mtu amekukalia hapa katikati? Ukipumzika kinaachia? Maumivu yanapanda kwenye taya au kushuka mkono wa kushoto? Unatoka jasho la baridi?

Kuna kipimo kinaitwa eko. Ni ultrasaundi, ile ile wanayopimwa wajawazito, ila inawekwa kifuani na moyo unaonekana kwenye skrini unavyopiga. Wakikupima umelala tu, moyo wenye mshipa uliosinyaa unaweza kuonekana mzima kabisa, kwa sababu umepumzika, hauna unachodaiwa. Kwa hiyo wanakutembeza kwenye mashine mpaka moyo ufanye kazi kweli, halafu wanautazama tena haraka kabla haujatulia. Hapo ndipo unaposema ukweli. Nenda hospitali ya Kitete kwanza, wao watajua wakuandikie wapi.

Kambini usiende.

Dada yako,
Consolatha


Kwihara
5 Mei 2024

Kabula,

Marahaba. Tunaendelea vizuri. Leonia alijifukiza kwa mchaichai na amepona, sasa anakusifia wewe kwa majirani kana kwamba mimi sijawahi kumpa ushauri maishani. Karanga tumeng'oa. Paroko mpya ni kijana, anahubiri kwa kutembea huku na huku, mpaka shingo zinatuuma.

Maswali yako niliyaona. Umeniuliza kama polisi. Ni gesi. Nikila ugali wa muhogo jioni gesi inapanda, nikitafuna tangawizi inashuka. Kwenda Kitete kuambiwa na mashine kwamba nimezeeka ni kazi bure, Leonia ananiambia kila siku na hahitaji umeme.

Na kutembea ndiyo wanipime mimi? Mjukuu wa Masolwa? Babu alibeba pembe kutoka hapa Unyanyembe hadi Bagamoyo akiwa bado hajaota ndevu, akarudi na marobota ya nguo. Miguu ni urithi wetu, hatukurithi kingine.

Juzi nilikuwa natengeneza mpini wa shoka nikaikuta fimbo ya baba darini. Nikakaa nayo. Nikatuona tunatoka kambini, asali imejaa madebe. Baba mbele na fimbo yake, mimi nyuma yake, wewe nyuma yangu na kidebe chako kidogo juu ya ngata ya kitenge, mama mwisho kabisa. Na ile sheria aliyopewa na babu, ya msafara: aliye mbele ndiye anayetua, na mzigo wako haugusi ardhi kabla ya wake. Neno nimechoka halisemwi njiani. Unatazama mgongo wa aliye mbele yako na unatembea. Mpaka baba asimike fimbo chini na kusema, "Tueni." Weee, lile neno. Sijasikia muziki ulionipendeza kama lile neno.

Unajua mpaka leo nikiwa kwenye basi la Nzega nikabanwa haja siwezi kumwambia kondakta? Nakaa nangoja dereva asimame kwa hiari yake. Leonia ananicheka mpaka machozi.

Nitakwenda kambini. Nitakutumia asali, lita kumi, ile nyeusi unayoipenda.

Wilbroad


Kimara
1 Juni 2024

Kaka, shikamoo.

Nimechelewa kujibu, nilikuwa na shughuli za hapa na pale. Getruda mzima. Bibi jirani ameanza kufuga kuku wa mayai, sasa tunaamshwa mapema kuliko adhana. Hiyo habari ya basi imenichekesha, na mimi niko vile vile. Hata kwenye foleni ya benki, mtu akinipita mbele nasubiri aliye mbele yangu ndiye alalamike.

Huyo huyo jirani wa kuku ndiye ninayetaka kukusimulia. Anaitwa Bi Mwanamkuu, mzaliwa wa Mafia. Naye alisema gesi. Alitafuna tangawizi mwaka mzima. Mwezi wa tatu akashindwa kupanda ngazi za kanisa, ngazi za msikiti nataka kusema, na mwanawe akamshika mkono akampeleka akapimwe hiyo eko.

Nakueleza ilivyokuwa ili usiogope. Asubuhi hakunywa chai wala kahawa. Dawa zake daktari alishamwambia ipi aiache na ipi ameze. Wakambandika vipande vyenye nyaya kifuani, mkono wakaufunga ile ya presha. Wakamlaza ubavu wa kushoto, wakampaka mafuta mazito ya baridi, wakamtazama moyo. Aliuona mwenyewe, kaka. Unajikunja na kukunjuka kama mkono wa mtu anayekanda unga. Daktari akasema ukiwa umetulia hauna tatizo, twende kwenye mashine.

Mashine ni mkanda unaorudi nyuma, wewe unatembea hapo hapo ulipo. Kila baada ya muda unaongezwa mwendo na unainuliwa kama kilima. Daktari akamwambia ukichoka au ukisikia maumivu sema. Akasimama pembeni anaangalia skrini. Bi Mwanamkuu akatembea. Kifua kikabana, akatembea. Taya likauma, akatembea. Yeye anangoja daktari asimamishe, daktari anangoja yeye aseme. Mbele yake palikuwa na ukuta mweupe tu, hapakuwa na mgongo wa mtu wa kutazama. Muuguzi mmoja Mzaramo akamtania, akasema mwacheni huyo, leo amekumbuka safari ya Bagamoyo. Wakacheka. Halafu daktari akaona kitu kwenye ile mistari ya mapigo na uso wa mgonjwa umekuwa majivu, akasimamisha mwenyewe. Wakamrudisha kitandani haraka, ubavu wa kushoto, shika pumzi, na picha ikaonekana. Ukuta wote wa moyo unajikunja kwa nguvu, isipokuwa kipande cha mbele. Kile kimebaki nyuma, kinajivuta.

Daktari alikasirika. Alisema, "Mama, mdomo wako umenificha, moyo wako umekuumbua." Alieleza kwamba mshipa unaokinywesha kile kipande umesinyaa. Wanataka kupitisha mrija mwembamba kwenye kifundo cha mkono hadi kwenye moyo, waupanue, waache humo kijibomba cha waya kuushikilia. Alisema asikawie.

Bi Mwanamkuu amekataa. Anasema kwanza anataka kwenda kwao apumzike, aone makaburi ya wazazi, mengine baadaye. Mwanawe analia lakini hamwezi.

Sasa wewe, kaka, usiwe kama yeye. Nenda ukapimwe. Nakuomba kwa jina la mama.

Na mimi nafikiri kuja Agosti. Nimekumbuka nyumbani sana mwaka huu. Niwekee matobolwa, vile viazi vyetu vya kukausha, na karanga, tukae nje tuongee mpaka tuchoke.

Consolatha


Kwihara
23 Juni 2024

Kabula,

Hapa ni salama. Leonia anakusalimu. Baridi imeingia, asubuhi tunaota moto.

Barua yako nimeisoma nikaikunja, nikaisoma tena, nikaenda nayo kisimani nikaisoma kwenye jiwe. Mpe pole huyo Bi Mwanamkuu. Ila nina maswali, na mimi leo nitauliza kama polisi.

Mtu wa Mafia nani alimfundisha kungoja aliye mbele atue? Na Mzaramo gani anamtania mtu wa Mafia habari za safari ya Bagamoyo? Utani ule ni wao na sisi, tangu mababu zetu walipopita kwao na mizigo kichwani. Alimuuliza mgonjwa kabila, akajibiwa Mnyamwezi, ndiyo maana akacheka. Na hizo ngazi za kanisa ulizozigeuza msikiti katikati ya sentensi, angalau ungechukua karatasi nyingine.

Kabula, ni wewe.

Nimekasirika, utaona mwandiko. Miezi mitatu unaniuliza habari za taya langu, kumbe taya ni lako.

Unakumbuka mwaka ule wa mwiba? Ulikuwa binti mdogo, hujaanza hata kwenda kwa masista. Tulitoka kambini alfajiri, na njiani nikaona unachechemea. Nikakuuliza kwa kunong'ona, ukanikunjia uso. Tukatembea mpaka jua likawa kichwani. Baba aliposimika fimbo akageuka, akaona kanga yako ina damu chini na mguu umevimba kama muhogo. Mwiba ulikuwa umeingia mzima. Baba alipiga magoti kwenye vumbi akakuuliza kwa nini hukusema. Ukamjibu, "Hukutua, baba."

Wewe ulilala njia nzima mgongoni kwangu, hukuona kilichofuata. Mimi nilikiona. Baba alikuwa analia. Alikuwa anatembea mbele na madebe mawili, analia, na hakujifuta kwa sababu mikono ilikuwa imeshika mzigo.

Nikuambie jambo ambalo sijawahi kukuambia. Baada ya mwaka ule baba alianza kupumzika mara kwa mara. Kila mti mkubwa, fimbo chini, tueni. Alikuwa anashika kiuno anasema uzee huu. Wewe ulimhurumia, ukawa unamsugua miguu. Baba hakuwa amechoka. Alikuwa na miaka hamsini na kitu na angeweza kufika Bagamoyo. Alijifanya mchovu ili wewe utue.

Usije Agosti. Nyumba ni yako na Leonia ameshatandika kitanda, lakini sitaki ufike hapa na kipande cha moyo kinachojivuta. Waache wakuzibue kwanza. Njoo baadaye ule matobolwa mpaka upasuke.

Hii ni amri ya kaka yako mkubwa.

Wilbroad


Kimara
18 Agosti 2024

Kaka, shikamoo.

Huku ni wazima, namshukuru Mungu. Getruda yuko likizoni. Bi Mwanamkuu anakusalimu, yupo kweli na kuku wake wapo, moyo wake tu ndio mzima. Nilimweleza jinsi nilivyomsingizia, akasema nimlipe trei la mayai.

Nilianza kukujibu mara nyingi nikachana. Kwanza kwa hasira, kwa sababu umeniumbua. Halafu kwa sababu ya baba. Miaka yote hii namkumbuka baba na kiuno chake, nasema maskini alichoka mapema. Nilimsugua miguu mizima kwa mafuta ya karanga, naye akainyoosha akanishukuru. Nimecheka peke yangu jikoni, kisha nikalia mpaka Getruda akaja kuuliza kimeungua nini.

Ndiyo, ni mimi. Naogopa, kaka. Haya, nimeandika. Mama alikwenda hospitali kwa miguu yake, amejifunga kitenge kipya, tukamrudisha amelala kwenye gari. Hakuna aliyetueleza kitu. Sasa naambiwa waya upite mkononi mwangu hadi kwenye moyo, nikiwa macho, nauona kwenye skrini. Nilitaka nije kwanza. Nikae kwenye lile jiwe, nisikie Kinyamwezi mtu akigombana na mbuzi wake, nipite ile njia mpaka kwenye makaburi. Baada ya hapo wafanye wanachotaka. Au wasifanye.

Lakini na wewe huna haki ya kuniamuru. Ngollo amempigia simu Getruda. Amemweleza kila kitu. Kwamba mlikwenda kambini Julai, kwamba ulipanda mti mmoja ukashindwa kumalizia, ukashuka umeshika kifua ukakaa chini jasho linakutoka na baridi yote ile. Kwamba alibeba madebe yake na yako, na ulimwapisha asimwambie Leonia. Asali nimeipokea. Nimeionja ikanishinda kumeza nikijua ilivyopatikana.

Baba alipoondoka, wewe ndiye uliyebaki mbele yangu. Mgongo ninaoutazama ni wako. Na wewe hujatua, unakaa tu kwenye jiwe na mzigo kichwani unajifanya unaangalia ndege. Sasa mimi nitatuaje?

Wamenipa tarehe, mwanzoni mwa Oktoba. Sijasema ndiyo.

Consolatha


Kwihara
15 Septemba 2024

Kabula mdogo wangu,

Marahaba. Joto limeanza, maembe madogo yameshika. Leonia mzima ila haongei na mimi vizuri, utaelewa kwa nini. Paroko amejifunza kusimama sehemu moja.

Barua yako ilifika nikiwa kwenye paa naziba bati. Niliposoma pale pa mgongo nilishuka, nikamwita Leonia, nikamweleza habari za kambini mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaenda kuvua aproni, akavaa gauni la kanisani, akasema twende Kitete. Walinipima mapigo, wakanisikiliza, wakaniandikia rufaa ya Dodoma. Tulikwenda kwa basi, na fimbo ya baba nilikuwa nayo. Leonia alidhani ni ya kutembelea.

Mambo yote yalikuwa kama ya Bi Mwanamkuu. Mafuta ya baridi, ubavu wa kushoto, moyo unakanda unga. Nimeuona, Kabula. Niliuonea huruma. Miaka sabini na tatu unakanda na sijawahi hata kuusalimu.

Kwenye mashine nikamwomba daktari jambo moja, kwamba asimame mbele yangu, si pembeni. Ni kijana mpole, anaitwa Limbu, mwenyeji wa Igunga. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia sisi kwetu tunatazama mgongo wa mtu. Akafikiri kidogo, akahamia mbele, lakini akakataa kunipa mgongo. Alisema, "Mzee, leo hakuna aliye mbele yako. Ukichoka ni wewe wa kusema, sisi wote tutasimama."

Nikatembea. Mwanzo niliringa, nikawa natembea kama naenda Bagamoyo. Mkanda ukainuka. Kikaja kile kitu, nikakijua, ni yule yule anayenikalia kifuani pale kisimani. Mwili wangu wote ukataka kufunga mdomo. Miaka yote ile, Kabula, mdomo umejifunga wenyewe kama mlango wa kuku. Nikakufikiria wewe na ukuta mweupe. Nikakumbuka baba alivyoshika kiuno. Nikainua mkono, nikasema kwa sauti mpaka Leonia akasikia nje: "Nimechoka. Kinauma."

Sikujua kama yatatoka. Sauti ilikuwa kama ya mtoto. Daktari akasimamisha mara moja, wakanilaza, nikashika pumzi. Moyo wangu nao una kipande kinachojivuta, cha chini huku nyuma, si kikubwa. Daktari Limbu alisema dawa kwa sasa, na nirudi wanitazame tena. Alinishukuru. Alisema wagonjwa wa huku kwetu wanamnyima usingizi kwa kunyamaza.

Mizinga ya kambini nimemwachia Ngollo na wanawe. Mti sipandi tena. Nimebakiza mizinga ya kusimamisha chini, nyuma ya nyumba, ile ya wanawake wa kikundi niliyokuwa naicheka. Siku ya kumkabidhi Ngollo madebe nilikwenda nyuma ya choo nikalia kidogo. Nakuambia wewe tu.

Niliporudi nilipita njia ya zamani na Leonia. Pale kisimani sikukaa kwenye jiwe. Nilisimika fimbo ya baba kwenye udongo na nikaiacha pale, imesimama. Ipo mpaka leo, hakuna aliyeigusa. Mimi sikujifanya kama baba, dada yangu. Nilichoka kweli na nimesema.

Fimbo iko chini. Tua, Kabula.

Wilbroad


Kimara
6 Oktoba 2024

Kaka, nimetua.

Salamu nitaziweka mwisho leo, nisamehe. Naandika kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia umefungwa, ndiyo maana herufi zimelewa. Waliingia hapa kwenye kifundo. Nilikuwa macho, niliona kijibomba kinapita kama mtu anayejua njia. Walipofika penyewe kifua kikabana, na daktari akaniuliza, mama, kinauma? Kwa mazoea nikataka kukunja uso. Nikakuona umesimama kule kisimani mikono mitupu. Nikamwambia kinauma, daktari, kinauma sana, subiri kwanza.

Wakasubiri, kaka. Wote walisimama, na mimi nikapumua.

Nakuja Desemba. Fimbo usiing'oe.

Shikamoo.

Kabula